Kinyago Kinaazima Uso wa Nani?



Swali la Jumapili hii limeletwa na vijana wetu. Mmoja wao anasoma sekondari hapa Maryland, na darasa lao la filamu limepanga kutengeneza filamu fupi ya kutisha. Yeye amepewa kazi ya meikapu: atengeneze majeraha, uso wa maiti aliyefufuka, na kinyago cha pepo. Ameuliza kama Mkristo anaweza kuifanya kazi hiyo kwa moyo safi. Nyumbani kwao majibu yamegawanyika. Mama amesema vitu vya giza havichezewi. Baba amesema ni kazi ya shule, ina maksi zake, aifanye aimalize. Kijana amebaki katikati, na mfuko wa plasta uko chini ya kitanda.

Majibu yote mawili nayaheshimu. Mama huyo amekulia mahali ambapo neno "pepo" halikuwa mchezo, na baba anajua tulivyohangaika ili watoto wasome. Lakini majibu yote mawili yanafunga mjadala kabla ya kuitazama kazi yenyewe. Naomba tuitazame pamoja.

Kazi yenyewe

Ukiingia kwenye chumba cha mtengeneza vinyago, utakuta vitu vya jikoni na vya hospitali. Damu ni sirapu ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula, na kakao kidogo ili isionekane kama juisi. Ngozi iliyochubuka ni lateksi, yaani utomvu wa mpira, inayopakwa tabaka kwa tabaka juu ya karatasi laini, kisha inachanwa na kutiwa rangi. Ili kinyago kimkae mtu sawasawa, uso wake hupakwa uji mzito wa alginati, dawa ileile ambayo madaktari wa meno huitumia kupiga chapa ya meno. Matundu ya pua huachwa wazi, na juu ya uji ule hufungwa bendeji za plasta. Chapa ikivuliwa hujazwa jasi, na hapo kijana anajikuta ana uso wa rafiki yake mezani, macho yamefumbwa. Juu ya uso huo ndipo anafinyanga uso mwingine kwa udongo.

Sisi tunaoishi eneo hili tuko karibu sana na historia ya kazi hii. Pale Georgetown, kati ya Prospect Street na M Street, kuna ngazi ya mawe yenye vidato 75 ambayo watalii huja kuipiga picha kwa sababu ya filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973. Mwandishi wake, William Peter Blatty, alisoma Chuo Kikuu cha Georgetown. Riwaya yake ya mwaka 1971 ilitokana na habari aliyoisoma katika gazeti la Washington Post mwaka 1949, kuhusu mvulana wa hapa Maryland aliyeombewa na mapadri ili atolewe pepo.

Meikapu ya filamu ile ilifanywa na Dick Smith. Watu wengi wanakumbuka uso wa msichana, wenye mikwaruzo na macho yasiyo ya binadamu. Wachache wanajua kwamba padri mzee anayekuja kumwombea, mwenye ngozi ya shingo iliyolegea na mikono ya kutetemeka, aliigizwa na Max von Sydow, mtu ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 45. Uzee wake wote ulibandikwa na kupakwa na Smith. Fundi huyohuyo, mwaka 1965, alitoa kitabu cha kuwafundisha watoto kutengeneza vinyago vya kutisha kwa vitu vya nyumbani, na vijana waliomwandikia barua aliwajibu na kuwapa ujuzi ambao wenzake waliuficha.

Kwa hiyo mikono ileile iliyomtengeneza pepo ilimtengeneza pia padri. Hakuna uchawi katika lateksi. Anayeogopa kwamba mtoto wake akiigusa amegusa kuzimu, nadhani anaweza kutulia kwa hilo. Lakini maswali mengine bado yapo, na ni mazito kuliko hilo.

Je, ni uongo?

Wapo wanaosema kubadilisha uso ni udanganyifu, na wanakumbusha kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa "mnafiki" katika Injili lilikuwa neno la mwigizaji wa jukwaani. Ni kweli. Na meikapu ya kwanza ya namna hii katika Biblia ilikuwa ya wizi: katika Mwanzo 27, Rebeka alimfunga Yakobo ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, ili baba kipofu apapase na kudhani ni Esau. Baraka ikaenda kwa asiye mwenyewe, na ndugu wawili wakatengana kwa miaka mingi.

Lakini soma pia 1 Wafalme 20. Nabii mmoja alimwomba mtu ampige. Akapigwa, akajeruhiwa. Akajifunga kitambaa usoni, akasimama njiani kumngoja mfalme wa Israeli kana kwamba ni askari aliyetoka vitani. Mfalme alipopita, nabii akamweleza kisa cha mfungwa aliyekabidhiwa akamwachia atoroke. Mfalme akatoa hukumu papo hapo. Ndipo nabii akakivua kitambaa, na mfalme akatambua kwamba amejihukumu mwenyewe.

Visa vyote viwili vina uso uliobadilishwa. Tofauti ni kwamba Isaka hakukusudiwa ajue, wala Yakobo hakuwa na nia ya kuzivua ngozi zile mbele yake. Nabii alikivua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, na kukivua ndiko kulikokamilisha ujumbe. Mtu anayekwenda kutazama filamu anajua ni filamu, na mwishoni anaona jina la aliyetengeneza damu. Huo si uongo wa Yakobo. Uongo wa Yakobo ungekuwa kumpaka rafiki jeraha, kumpiga picha, na kuisambaza kwenye simu ili watu watume pesa. Vijana wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi.

Anayechonga na anayetazama

Wahenga wetu walisema huwezi kutishwa na kinyago ulichokichonga mwenyewe. Kwa kawaida tunautumia msemo huu kwa majivuno, kumwambia mtu tuliyemlea kwamba hatumwogopi. Mimi nausoma kama onyo kwa fundi. Yeye anaona gundi, anaona mahali alipokosea rangi, anacheka. Hofu yote iko kwa wengine. Kwa sababu hiyo hawezi kuipima kazi yake kwa moyo wake mwenyewe, maana moyo wake ndio pekee usiotishika.

Wamakonde wa Mtwara na wa kaskazini ya Msumbiji waliliweka jambo hili katika utaratibu. Katika ngoma yao ya mapiko, mchezaji huvaa kinyago cha mti mwepesi kinachofunika kichwa kizima, mara nyingine kimepandikizwa nywele za kweli za binadamu. Kwa desturi, siri yake ilikuwa ya wanaume waliopita jandoni. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba ni mzuka. Kilikuwa na wenyewe, na kilikuwa na siku yake ya kutoka na mahali pake pa kufichwa. Si lazima tukubaliane na kila kitu katika desturi hiyo. Kuwaweka wanawake gizani ili waogope ni jambo la kuhojiwa. Lakini wazee wale walijua kwamba kutisha ni madaraka, na madaraka hayaachwi mikononi mwa mtu mmoja mwenye rangi na muda wa ziada.

Uso wa nani?

Hapa ndipo naomba vijana wanisikilize zaidi. Unapokaa mbele ya udongo na kuambiwa tengeneza uovu, unalazimika kuupa sura. Sura hiyo haitoki hewani. Unaiazima kwa mtu fulani.

Usukumani, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mojawapo ya "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu. Macho yale yalitokana na moshi: mama amepuliza moto jikoni miaka arobaini au hamsini, na mahali pengine kuni zimekwisha, anapikia samadi kavu ya ng'ombe. Alichomlishia mumewe na watoto wake ndicho kilichokuja kumhukumu. Sasa mwambie kijana yeyote, wa hapa au wa kule, achore mchawi. Mara nyingi atakuletea bibi aliyekunjamana mwenye macho mekundu. Filamu zetu wenyewe za Kiswahili zimetuzoesha sura hiyo.

Mwaka 2006 filamu ya The Da Vinci Code ilionyesha muuaji mwenye ualbino, na NOAH, chama cha watu wenye ualbino hapa Marekani, kikalalamika. Haukupita muda mrefu, habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo Tanzania zikasikika dunia nzima. Sisemi filamu ya Hollywood ilisababisha mauaji ya Kanda ya Ziwa. Imani ile potovu ina mizizi yake yenyewe. Nasema kwamba mtoto mwenye ualbino, popote alipo, alikuwa akitazamwa na macho yaliyofundishwa vibaya tangu zamani, na filamu ikayaongezea somo moja.

Uingereza, shirika la Changing Faces, linalowatetea watu wenye makovu na alama usoni, lilianzisha kampeni mwaka 2018 likiomba watu kama hao wasifanywe tena kuwa alama ya ubaya kwenye filamu. British Film Institute ilikubali kutofadhili filamu zinazotumia kovu la usoni kwa namna hiyo. Ukihesabu filamu ulizotazama utaelewa kwa nini waliomba: aliyeungua moto ni muuaji, aliyepasuka mdomo ni jambazi, na shujaa ngozi yake ni laini hata baada ya vita.

Na kuhusu mtoto mwenye pepo, ndugu zetu kutoka Kongo wanaweza kutueleza. Kinshasa na miji mingine, watoto wametupwa mitaani na jamaa zao wenyewe kwa kuitwa wachawi. Wengine walifungiwa na kunyimwa chakula ili "waombewe". Wengi walikuwa yatima, au walikojoa kitandani, au walikuwa wasumbufu kama watoto wengine. Mbele ya watu waliolijua jambo hilo, uso wa mtoto uliopakwa ushetani si burudani tu. Unalifufua shtaka.

Maandiko hayatufundishi kuutafuta uovu kwenye ngozi. Samweli alipomwona Eliabu alivutiwa na kimo na sura yake, akakatazwa kupima hivyo. Isaya 53 inamweleza mtumishi wa Bwana kuwa mtu asiyependeza kutazamwa, ambaye watu waligeuza nyuso zao wasimwone. Naye Paulo anawaonya Wakorintho kwamba Shetani hupenda kuja kwa sura ya nuru. Wengi wetu tulikimbia watu. Katika shuhuda zote nilizozisikia kanisani, sijamsikia yeyote akisema aliyechoma nyumba yake alikuwa na pembe. Alikuwa jirani. Alikuwa amewahi kuazima jembe.

Majeraha

Kuna fundi mwingine maarufu wa kazi hii, Tom Savini, aliyetengeneza majeraha ya filamu ya Dawn of the Dead ya mwaka 1978. Kabla ya hapo alikuwa mpiga picha wa jeshi katika vita vya Vietnam, na amesema wazi kwamba aliyoyaona kule yaliingia katika kazi yake. Sitamhukumu. Kila mtu aliyeona mambo hayo anatafuta mahali pa kuyaweka, na wengine hawapati.

Mimi nafanya kazi ya kuwahudumia wazee hapa Silver Spring. Nimefunga vidonda vya kulalia ambavyo vilichukua miezi kupona, na vingine havikupona. Kidonda cha kweli kina harufu, kina asubuhi yake ya kubadilisha bendeji, na kina mwenyewe, mtu anayekutazama usoni ili aone kama umekunja pua. Kidonda cha filamu kinaonekana kwa sekunde tatu, kisha kamera inakimbilia kingine. Kinachonisumbua katika filamu nyingi za kutisha ni hiki: si wingi wa damu, bali kwamba damu haina mwenyewe. Anakufa mtu ambaye hatukujua hata jina lake, na watazamaji wanashangilia ufundi.

Katika viti vyetu wamo watu wenye makovu ya panga chini ya mikono mirefu ya shati. Kijana akipaka kovu la panga kwenye shingo ya mwenzake, na filamu ikaonyeshwa mbele ya wazazi, huenda amefufua usiku mmoja wa mtu bila kujua. Hilo halimaanishi asilitengeneze kamwe. Linamaanisha amtangulizie mtu neno mapema, ampe nafasi ya kutoka nje, na asilitumie kovu hilo kwa kuchekesha.

Mikono ileile

Kazi hii ina upande ambao vijana wachache wanaufahamu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi walirudi bila pua, bila taya, bila jicho. Mchongaji wa Kimarekani, Anna Coleman Ladd, alifungua karakana Paris chini ya Msalaba Mwekundu wa Marekani. Alichukua chapa ya uso wa askari kwa plasta, akatazama picha yake ya zamani, akafinyanga sehemu iliyopotea, kisha akaitengeneza kwa shaba nyembamba. Rangi aliipaka kinyago kikiwa kimevaliwa, ili ilingane na ngozi ya mwenyewe. Wanaume waliokuwa wakijificha waliweza kutoka barabarani. Karatasi zake zimehifadhiwa katika nyaraka za sanaa za Smithsonian, hapa Washington.

Linganisha hatua zake na za kijana wetu: chapa, jasi, udongo, rangi. Ni zilezile. Hata leo, kwenye hospitali ya jeshi ya Walter Reed kule Bethesda, wapo mafundi wanaotengeneza sehemu za uso kwa silikoni kwa ajili ya waliojeruhiwa, na wanafunzi wa tiba hufundishwa kuzuia damu kwa majeraha ya kupakwa kabla ya kukutana na ya kweli. Sisemi haya ili kazi ya shule ipate kibali kwa sababu ina ajira. Nasema kwa sababu anayejifunza kuutazama uso wa mwenzake kwa saa tatu mfululizo, mkunjo kwa mkunjo, anajifunza jambo la thamani, iwapo anajua anachokitazama.

Kwa wazazi na kwa vijana

Wazazi, msiutupe mfuko wa plasta. Kaeni na mtoto, mwulizeni filamu inahusu nini na nani mwovu ndani yake. Mkiwa na kisa chenu cha kweli kuhusu hofu, mwelezeni. Pengine hajawahi kukisikia, na kitamsaidia kuliko katazo. Hakikisheni pia usalama wake: lateksi huwadhuru baadhi ya watu, kwa hiyo ijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mkono, plasta hupata joto inapokauka na huunguza, isipakwe moja kwa moja kwenye ngozi, na anayepigwa chapa ya uso asiachwe peke yake hata dakika moja.

Kijana, kabla ya kufinyanga jiulize maswali matatu. Uso huu nimeuazima kwa nani, na mwenyewe angejisikiaje akiuona kwenye kioo cha sinema? Jeraha hili lina mwenyewe, mtu ambaye watazamaji watamsikitikia? Na filamu ikiisha, mtazamaji atamwogopa nani zaidi atakapotoka nje? Kama jibu la la mwisho ni bibi, mlemavu, mgonjwa, mgeni au mtoto, kivunje kinyago uanze upya. Tengeneza dubwana ambalo si uso wa mtu yeyote. Au mwache mwovu bila meikapu kabisa, shati limepigwa pasi, na uone kama watu hawataogopa.

Na kama dhamiri yako inakataa kinyago cha pepo, usilazimishwe. Paulo katika Warumi 14 anatuagiza tusimkwaze ndugu wala kumdharau kwa mambo ya namna hii. Mwombe mwalimu kazi nyingine katika filamu hiyohiyo. Sauti, taa na kamera nazo zinahitaji mtu. Wala wewe unayeendelea usimcheke aliyeacha.

Leo baada ya ibada, wakati wa chai, vijana wanakaribishwa kuliendeleza swali hili pamoja na wazee. Wazee, njooni na visa vyenu. Wao waje na vinyago.

Mungu awabariki.